Pazia la Kijani Kati ya Nyota Mbili

Weinmeisterweg 12,
Potsdam,
Ujerumani.

14 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi Gesine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba nyonga imetulia sasa baridi ya huko Chile inapoanza kuondoka. Je, unaweza kupanda ngazi bila kushika ukuta? Ziwa linaonekana tena asubuhi, au bado ukungu umelikalia? Na mbwa wako Flocke, bado analala mlangoni pa chumba cha kuokea mikate akimsubiri Mjomba Anselm? Usipotaka kujibu swali hilo la mwisho, liache. Nimeliandika kwa sababu ninamfikiria.

Sisi hatujambo. Baba ana mafua, na kama unavyomjua ndugu yako, hataki daktari wala shuka la ziada. Anazunguka nyumba nzima akiwa na kikombe cha chai na kutulaumu sote kwa kuacha madirisha wazi. Mama yuko salama. Ndugu yangu Torben amepata leseni ya gari, na tangu siku hiyo hakuna mtu katika nyumba hii anayeruhusiwa kutembea kwa miguu. Hata mkate wa dukani hapo kona tunaufuata kwa gari.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Oktoba. Nimeisoma mara nyingi. Najua nimechelewa kuijibu, na si kwa sababu ya kukosa nafasi. Kuna jambo ulilouliza ambalo nilikuwa naliogopa, na nitalifikia humu humu, lakini niruhusu niende polepole.

Kwanza uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana Baba alikueleza kwa simu ukaishia kuelewa kwamba natengeneza katuni. Hakukosea sana. Tangu Agosti najitolea kwa mwaka mmoja, kama wengi wanavyofanya hapa wakimaliza shule, katika kituo kimoja cha utafiti nje kidogo ya mji. Niko katika chumba cha picha. Mapazia ya chumba hicho hayafunguliwi mchana, ili rangi za kwenye skrini zionekane vizuri, hivyo tukiwa ndani hatujui kama kunanyesha au kunawaka jua. Tunachora kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona kwa karibu: nyota mbili za nyutroni zikigongana.

Ni nyota zilizokwisha kufa, Shangazi. Kila moja ina upana wa mji tu. Kama ingekuwa na barabara, ungeizunguka kwa baiskeli kwa siku moja na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Lakini ni nzito kuliko jua. Zinazungukana kwa mamilioni ya miaka, zikisogeleana kidogo kidogo, halafu mwisho unakuja kwa haraka isiyosemeka. Mizunguko ile ya mwisho na mgongano wenyewe ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Kope haijaanza kushuka, yote yamekwisha. Sisi tunakinyoosha kipande hicho cha wakati mpaka kinakuwa dakika moja na nusu ya filamu, na ili kuipata dakika hiyo tumefanya kazi miezi. Wakati mwingine nikiwa njiani kurudi nyumbani, chini ya ile miti ya chestnati iliyokwisha kumwaga majani, nahisi kama bado niko ndani ya kupepesa huko kwa kope, na watu wote barabarani wanatembea polepole kwa sababu hiyo.

Hesabu zenyewe hatuzifanyi sisi. Zinafanywa na Hauke Thamsen, kijana anayeandika tasnifu yake ya udaktari. Hauke ametoka kaskazini mwa Ujerumani, pwani, kule mlikozaliwa wewe na Baba, na husema maneno machache hata kuliko mimi. Anazituma hesabu kwenye kompyuta kubwa iliyo katika mji mwingine, inayojaza ukumbi mzima, nayo inahangaika nazo kwa wiki kadhaa. Anga yote imegawanywa katika visanduku vidogo, na kwa kila kisanduku kompyuta inajiuliza: humu mna kitu kiasi gani, kina joto gani, kinakwenda wapi? Kinachorudi ni tarakimu tupu. Kuzipa rangi ni kazi yetu.

Katika chumba cha picha tuko watatu. Mkuu wetu ni Dakta Mechthild Roloff, mwanamke mrefu anayetembea haraka na kusahau miwani kila mahali. Kisha yuko Burkhard, fundi wa picha, mwenye ndevu na mdomo usiofungwa. Burkhard ndiye aliyenibatiza jina la Bi Kimya. Asubuhi nikiingia husema, "Jamani, punguzeni kelele, Bi Kimya amefika." Nami naona haya, naketi. Unanijua. Mimi ni yule yule niliyekuwa nikijificha nyuma ya magunia ya unga mlipokuwa na wageni.

Ile picha niliyokutumia Septemba ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Burkhard alinipa kile tunachokiita kitasa, yaani sehemu ya programu inayoamua kipi kionekane na kipi kisionekane, akaniambia nichezee. Nikakisogeza chini, chini kabisa, na ghafla kati ya zile nyota mbili likatokea pazia. Nililipa rangi ya kijani cha chupa. Ulikuwa utando mwembamba kama chandarua, ukizifunika nyota zote mbili, ukijikunja nyuma yao kila zilipozunguka. Burkhard aliacha kuongea. Dakta Roloff alisimama nyuma yangu bila miwani, akaenda kuitafuta, akarudi, akasimama tena. Kuanzia siku hiyo watu wa ofisi nyingine wakawa wanakuja kutazama, na walikuwa wakiliita pazia la Jette. Shangazi, hakuna kitu kilichowahi kuitwa kwa jina langu.

Ndipo ikafika barua yako. Uliandika kwamba umeitundika picha juu ya meza ya jikoni, na kwamba tangu tumzike Mjomba Anselm hicho ndicho kitu cha kwanza unachokitazama ukiamka. Uliandika maneno haya, nayanakili: "Nilikuwa nikiogopa ule utupu. Sasa naona hata nyota zina shuka. Basi naye hakwenda kwenye baridi akiwa hana cha kujifunika." Na chini kabisa ukauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: "Hebu niambie, mwanangu, pazia hilo limetengenezwa kwa kitu gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimelitazama miezi miwili, na sikuwahi kuuliza.

Nilimkuta Hauke jikoni pa kituo akisubiri kahawa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali langu ndani ya tramu, treni ya mjini.

"Hauke, samahani. Lile pazia ni la nini?"

"Pazia gani?"

"Lile la kijani. Shangazi yangu anauliza."

Alikuwa amejifungia kuandika tasnifu yake wiki zote hizo, na filamu alikuwa ameiona mara moja tu, ndogo, kwenye simu ya mtu. Akasema, "Hebu nionyeshe." Tukaenda. Alitazama kidogo tu, akakiweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Jette," akasema, "hiyo si nyota. Hiyo ni hewa yetu."

"Hewa ya nani?"

"Yetu. Ya kubuni. Kompyuta haiwezi kuhesabu mahali pasipo na kitu. Ukiipa utupu mtupu inagawanya kwa sifuri, inazimia. Kwa hiyo kila kisanduku kilicho kitupu tunakitilia chembe ya kitu, kidogo sana, ili hesabu isife. Jibu haliharibiki. Lakini huko angani hakuna kitu hicho."

Nilimwuliza kama ana hakika. Akanionyesha kwenye pembe ya picha, ambako pazia lilikuwa na kona. Kona kamili, Shangazi, kama ya sanduku. Nilikuwa nimewahi kuiona nikadhani ni ukingo wa skrini. Hauke akasema pale ndipo visanduku vidogo vinapokutana na vikubwa. Kisha akaniangalia, nadhani akaona uso wangu, akasema, "Usijali. Nitasema mimi mkutanoni."

Mkutano ulikuwa kesho yake. Hapo ndipo filamu ilikuwa ipitishwe, kabla ya kwenda kuonyeshwa kwenye kuba la nyota la mjini, ule ukumbi wenye dari ya mviringo ambako anga huonyeshwa. Alikuwepo pia bwana mmoja kutoka huko kwenye kuba, mpole, aliyevaa skafu ndani ya nyumba. Dakta Roloff alifungua bango juu ya meza. Lilijaa pazia langu, kutoka ukingo hadi ukingo. Akalisifu. Akanisifu mimi kwa jina, mbele ya wote. Nikamtazama Hauke. Hauke alikuwa anaitazama meza.

Nilisubiri. Hakusema kitu. Nikaelewa kwamba hakuwa amesahau. Hakutaka kuniaibisha siku ile ile niliyosifiwa.

"Basi tumekubaliana," Dakta Roloff akasema. "Kuna mwenye neno?"

Masikio yangu yalikuwa yakiwaka. Nilifikiria meza yako ya jikoni. Nikanyoosha mkono.

"Haya, nyamazeni," Burkhard akasema, "ukuta unataka kuongea."

"Pazia si la kweli," nikasema.

"Sema kwa sauti, binti," akasema Dakta Roloff. "Huku mwisho hatusikii."

"Pazia si la kweli. Ni ile hewa inayotiliwa ili kompyuta isizimie. Lina kona."

Dakta Roloff akamgeukia Hauke. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilidhani nyinyi mmeikata."

"Sisi?" Burkhard akaruka. "Sisi siku zote tunaletewa tarakimu zilizokwisha safishwa!"

"Safari hii nilizileta mbichi. Mlitaka mbichi."

"Nani alitaka mbichi?"

"Wewe."

"Nilitaka mbichi, sikutaka chafu!"

Hata Dakta Roloff alicheka, ingawa alikuwa ameshika kichwa. Yule bwana wa skafu ndiye aliyesema kwa upole kwamba ni jambo dogo, kwamba watu watalipenda, na nani atajua? Sikuona ubaya ndani yake. Anapenda vitu vizuri tu. Dakta Roloff akaniuliza mimi, si Hauke: "Wewe ungefanya nini?"

Nikasema kwamba shangazi yangu ameniuliza pazia limetengenezwa kwa kitu gani, na kwamba tukiliacha sitakuwa na la kumjibu.

Akalikunja bango. "Liondoe," akasema.

Niliambiwa nilitoe mwenyewe, na naona walifanya vizuri. Tulirudi chumbani, wote, hata bwana wa kuba. Nikakishika kitasa nikakipandisha polepole, na kijani kikawa kinapungua kama mvuke juu ya kioo ukifungua dirisha. Weusi ukabaki. Katikati, nyota mbili peke yao. Nilitaka kulia, na sidhani nililificha.

Hapa inakuja sehemu ambayo nimeisubiri kukuandikia.

Hauke akasema, "Rudisha nyuma. Hapo. Simamisha." Ilikuwa kabla ya mgongano. Nyota zilikuwa bado mbali, kulikuwa na nafasi nyeusi kabisa kati yao. "Tazama umbo," akasema. Nikatazama. Shangazi, hazikuwa za duara tena. Kila moja ilikuwa imevutika, imechongoka kidogo kama yai, na ncha ya kila yai ilikuwa imeelekea kwa mwenzake. Zilipozunguka, ncha zile zilizunguka nazo, zikiendelea kuelekeana. Hazijagusana. Hakuna kitu kati yao, hata chembe. Na bado kila moja imekwisha kuacha umbo lake kwa ajili ya nyingine.

"Hicho ndicho nimekuwa nikikihesabu miaka minne," Hauke akasema. "Zinavyoinamiana kabla ya kugusana. Na wewe ulikuwa umeifunika tasnifu yangu kwa shuka la kijani." Sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kama hizo, wala akifanya mzaha.

Kuna desturi hapa kituoni: anayekosea huleta keki. Sijui ilianzaje. Ukiacha kompyuta yako wazi ukaenda chooni, wenzako wataandika barua pepe kwa jina lako kuwaahidi watu wote keki, na utaioka. Basi Jumatatu iliyofuata nilibeba keki ya plamu kwenye tramu, nikiwa nimeifunika kwa taulo, maana kosa lilikuwa langu. Nilipofika nikaikuta keki ya Hauke mezani, imeungua upande mmoja. Burkhard akaingia na ya jibini. "Mtanisamehe," akasema, "ni mimi niliyempa mtoto kitasa bila kumwambia kuna nini chini." Mwisho akaja Dakta Roloff na sanduku la duka la mikate, akatutazama, akaitazama meza. "Kwa hiyo leo hakuna atakayekula chakula cha mchana," akasema. Tuligawa vipande hadi kwa walinzi wa getini. Burkhard sasa ananiita Bi Ukuta. Nimeona ni kupanda cheo.

Filamu ilionyeshwa Jumapili iliyopita mchana. Baba alikuja na mafua yake, Mama na Torben pia. Taa zilipozimwa, kuba lote likawa jeusi, na nyota zile zikaanza kuzunguka juu ya vichwa vyetu, hazina cha kujifunika. Nilidhani watu watachoka. Hakuna aliyeinuka. Mwanamke mmoja mbele yangu, zilipoanza kuchongoka, alimwegemea jirani yake bila kujua, kisha akajirekebisha. Kisha nyota zikagongana, zikarusha mikia mirefu miwili, zikawa kitu kimoja kinachotetemeka. Baadaye mgeni mmoja akauliza habari za dhahabu, kama wageni wote wanavyouliza, na Hauke akaeleza kwamba migongano ya namna hiyo ni mojawapo ya mahali dhahabu inapozaliwa. Lakini Baba hakuwa akisikiliza. Alikuwa bado ameinua kichwa, ingawa taa zilikuwa zimewashwa.

Nyumbani niliwaambia kwamba bado sijakujibu. Mama akasema, "Mwache Gesine na picha yake, Jette. Amefiwa juzi tu. Pazia linamdhuru nani?" Anasema hivyo kwa kukupenda, na kwa siku kadhaa nilitaka kumtii. Nilianza barua mbili ambazo zilizungumzia hali ya hewa tu. Lakini wewe hukuniuliza kama pazia ni zuri. Uliniuliza ni la nini. Umekuwa ukinijibu ukweli tangu nilipokuwa mdogo, hata siku ile nilipokuuliza kama Mjomba atapona, na watu wazima wengine wote wakaanza kunisemesha mambo ya shule.

Basi jibu ni hili, Shangazi. Pazia ni letu sisi. Tuliliweka kwa sababu hesabu zetu haziwezi kusimama mahali pasipo na kitu. Huko ziliko nyota halipo. Kati yao kuna utupu ule ule uliouogopa, na ni baridi, na hakuna shuka. Nisamehe.

Ndani ya bahasha hii nimeweka picha mpya. Ni ile aliyoniambia Hauke nisimamishe. Mwanzoni utaiona nyeusi tu, na pengine utasikitika. Usiitazame haraka. Itazame asubuhi, kabla hujawasha redio, ufuate ukingo wa nyota ya kushoto kwa kidole mpaka ufike mahali inapoacha kuwa ya duara. Kisha fanya hivyo na ya kulia. Sijui kama Mjomba Anselm amefunikwa, Shangazi, hayo siyajui na Hauke hayajui. Ninachojua ni kwamba kuna vitu ambavyo havina chochote kati yao na bado kila kimoja kimelibadili umbo la mwenzake. Miaka yote niliyokuja kwenu niliwaona mkiwa hivyo, yeye kwenye tanuri na wewe kwenye meza ya duka, na mlango katikati.

Ukipenda kulibakiza pazia ukutani, libakize. Sitakasirika hata kidogo. Nililichora mimi na bado nalipenda. Ila utakuwa ukijua ni nini.

Nisalimie Bi Irmtraud wa jirani, na wanakwaya, hasa Don Eusebio aliyenifundisha kuvuka barabara yenu. Mpapase Flocke masikioni. Baba anasema atakupigia simu sauti ikirudi, Mama anakukumbatia, Torben anauliza kama huko mnaendesha gari upande gani. Mwenyezi Mungu akutunze, akupe usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na maumivu, na akukalie karibu pale ambapo sisi hatufiki.

Nakupenda, na nimegeukia upande wako daima,

Wako akupendaye,
Jette